Kiriba cha Siku Tisini

Peramiho,
21 Aprili 2024

Mpendwa Cornel,

Pokea salamu za kwetu. Sisi ni wazima. Mama yako mdogo Ekaristia amepona goti, sasa anakwenda kanisani kwa miguu na anarudi akiwa na umbea wote wa njiani. Kaburi la baba yako tumelisakafia kabla ya Pasaka. Mahindi yametoka vizuri, pombe ya ulanzi imekuwa kidogo, na mbuzi wako niliyemtunza miaka miwili amezaa mapacha. Mmoja amekufa.

Simu zako tatu za wiki hii niliziona. Sikupokea, kwa makusudi. Maneno ya simu huwezi kuyatoa kwenye bahasha ukamwonyesha mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 15 Desemba kikundi chetu, watu thelathini na mmoja, tulipanda miche 1,240 ya parachichi, arobaini kila mmoja, ikiwa ndani ya vile vifuko vya plastiki vya kitalu, viriba vya kampuni yenu. Unakumbuka ulivyonipigia wiki ile: "Shangazi, msikate viriba. Zikeni hivyohivyo, vitaoza vyenyewe, mizizi itapita." Nilikusikiliza. Siku ya kupanda nilipita shamba kwa shamba nikakusanya nyembe za watu wote ili asiwepo wa kukata kwa mazoea. Nyembe thelathini na moja nilizifunga kwenye kitambaa, nazo bado ziko kabatini kwangu. Nikatangaza kwamba atakayechana kiriba nitamfuta kwenye kikundi.

Jana nilifukua mche mmoja wa kwangu. Siku 127, na mvua zote za msimu zimepita juu yake. Kiriba ni kizima. Nimekiosha, nimekikung'uta, kinapiga kelele kama kipya. Maandishi yenu yanasomeka bila miwani: HUOZA ARDHINI KWA SIKU 90. Ndani yake mizizi imejizungusha kama kamba kwenye ndoo. Majani ya miche mingi yameanza kuwa ya njano.

Unajua kazi niliyofanya miaka ishirini na miwili. Nilikuwa karani wa mizani wa ushirika, na sikuwahi kuandika uzito wa gunia ambalo sikuliona likipanda. Kwa hiyo nijibu swali moja: hizo siku tisini mlizipima kwenye udongo gani, na kwa joto gani?

Msalimie Anjelika.

Shangazi yako,
Severina

*

Dar es Salaam,
12 Mei 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Huku tunaendelea vizuri. Joto limepungua. Anjelika anakusalimu sana, na nina habari njema: ni mjamzito, miezi mitatu. Tukipata mtoto wa kike amesema ataitwa Severina, mimi nimesema atakuwa mbishi.

Pole kwa wasiwasi. Kwa kifupi, Shangazi, bidhaa ina cheti, na cheti hakitolewi hivihivi. Mimi mwenyewe nilikuwa maabara wakati wa majaribio. Siku tisini ni wastani, inategemea mazingira. Nashauri muwe na subira hadi msimu ujao.

Nimekumbuka jambo moja. Huko nyumbani watu wakipanda mti huweka majivu shimoni ili kuzuia mchwa. Je, mliweka? Majivu yakizidi hubadilisha udongo, na vijidudu vinavyokula plastiki hii vinaweza kushindwa kufanya kazi. Wenzangu hapa wanaona huenda tatizo ni hilo.

Nakutumia kitenge kupitia kwa Saimon anayekuja likizo.

Mwanao,
Cornel

*

Peramiho,
26 Mei 2024

Mpendwa Cornel,

Tumefurahi mno kwa habari ya Anjelika. Ekaristia alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Mwambie asiinue ndoo. Kitenge kimefika, kinanitosha.

Swali langu halikufika, naona, kwa sababu sikuona jibu lake. Ulisema ulikuwa maabara. Hukusema mlikuwa na udongo.

Majivu tuliweka. Sikatai. Kila mtu aliweka kopo moja kwa shimo, kama tulivyofanya kwa kahawa na kwa miti ya mbao. Kama majivu ndiyo yenye kosa, kosa ni letu na nitaliandika. Ila sitaliandika kabla sijaliona.

Jana nimechimba mashimo manne nyuma ya nyumba. Kila moja nimelitia viriba vitatu vipya, vimejazwa udongo. La kwanza lina udongo wetu mtupu, huu mwekundu. La pili ni udongo huohuo pamoja na kopo la majivu. La tatu nimelitengeneza kama ngolo za Wamatengo kule Mbinga alikozaliwa bibi yako: nyasi zilizofyekwa zimelazwa chini kwa wingi, kisha udongo juu yake, zioze humo. La nne ni lundo la samadi ya ng'ombe lililochanganywa na maganda, ambalo nitakuwa naligeuza kila wiki. Yote yatapata debe moja la maji kila Jumamosi, ili asije mtu akasema ni kiangazi.

Hironimus, yule mwenye mashine ya kutotolea vifaranga, ameniazima kipimajoto chake. Leo saa moja asubuhi udongo wa shimo la kwanza ulikuwa na nyuzi 17. Samadi ilikuwa na nyuzi 49, nikaunguza kidole.

Sasa nauliza mara ya pili. Udongo gani? Joto gani?

Shangazi yako,
Severina

*

Dar es Salaam,
30 Julai 2024

Ndugu Severina Komba,
Katibu wa Kikundi cha Wakulima wa Parachichi,
Peramiho.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIRIBA VINAVYOOZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni imepokea malalamiko yenu na kuyafanyia kazi. Imebainika kuwa wakulima hawakufuata maelekezo ya matumizi, ikiwemo kuweka majivu kwenye mashimo ya kupandia. Bidhaa imethibitishwa kuoza kwa asilimia 90 ndani ya siku 90.

Hata hivyo, kwa nia njema, kampuni iko tayari kuwapatia miche mipya 1,240 pamoja na viriba, endapo Katibu atasaini tamko lililoambatishwa, linalokiri kuwa hasara ilitokana na wakulima kutofuata maelekezo.

Tafadhali rejesha tamko kabla ya tarehe 31 Oktoba. Afisa wetu, Bw. Dastan, atafika Songea mwezi Novemba kuzindua viriba kwa wakulima wa Namtumbo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
C. Komba
Kitengo cha Ubora

*

Peramiho,
11 Agosti 2024

Mpendwa Cornel,

Salamu nyingi. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, asubuhi tunavuta moshi jikoni kama wavutaji tumbaku. Ekaristia anaumwa kifua lakini ulimi wake ni mzima. Saimon alirudi Dar salama, akapiga simu. Ni yeye aliyetuambia Anjelika amevimba miguu. Wewe hukuandika.

Nimepokea barua ya Ndugu mmoja anayenijua kwa cheo. Imeandikwa na mtu mwingine, wewe umetia saini. Nilikufundisha kuandika jina lako kwa kijiti kwenye vumbi chini ya uchanja wa mahindi, kwa hiyo saini hiyo naijua.

Tamko sitasaini.

Tadei, mwenyekiti wetu, anataka nisaini. Alikuja na wenzake sita wakakaa barazani tangu saa nne. Alisema, "Severina, watu wamepoteza msimu. Karatasi ni karatasi. Saini, tupate miche, tuseme asante." Nikamwambia karatasi hiyo inasema thelathini na mmoja hawa hawakusikia walichoambiwa, na mimi ndiye niliyewaambia, na walisikia. Akasema, "Kwani kiburi kinazaa parachichi?" Nikamjibu hata uongo hauzai. Waliondoka bila kumaliza chai. Mkewe hajanisalimu tangu siku hiyo.

Ijumaa na Jumamosi nimehesabu mashamba yote kwa miguu. Jana jioni hesabu ilikuwa hivi: miche 612 imekufa. Iliyobaki imedumaa, haizidi magoti yangu. Isipokuwa kwa Lidwina, yule mjane wa jirani ya zahanati. Kwake miche 38 kati ya 40 iko hai na inanifika kifuani.

Nikamuuliza, "Lidwina, umeweka nini?"

"Majivu. Kopo moja, kama ulivyosema."

"Na nini tena?"

Akaangalia kuku wake. Nikakaa juu ya kinu, nikasubiri. Mwisho akasema, "Nilikuwa na nyembe mbili, Severina. Nilikupa moja."

Alichana viriba vyote arobaini, akavichoma jikoni, akanyamaza miezi minane kwa kuogopa nimfute. Nikamuuliza kwa nini alichana. Akasema, "Hata marehemu tunamvua viatu kabla ya kumzika. Mche ulio hai niuzike na koti la mvua?"

Soma tena, Cornel. Majivu yaleyale, mvua ileile, mche wa kitalu kilekile. Mtu pekee ambaye hakufuata maelekezo ndiye pekee mwenye miti.

Na hawa wa Namtumbo mnaotaka kuwazindulia, wameshaambiwa udongo gani? Nauliza mara ya tatu.

Shangazi yako,
Severina

*

Peramiho,
20 Oktoba 2024

Mpendwa Cornel,

Wiki kumi bila barua. Anjelika amempigia Ekaristia, hivyo najua mko hai, na najua tarehe ya kujifungua ni mwezi ujao wa kumi na moja. Sisi tunaandaa mashamba. Bei ya mbolea ni mazungumzo ya kila mtu, lakini hayo utayasikia redioni.

Jana nimefungua mashimo, siku 147. Tadei alikuwepo, na Hironimus, na Lidwina aliyejileta. Nakuandikia kama nilivyoona.

Samadi: viriba havipo. Tumechekecha lundo lote, tumepata vipande vitatu visivyozidi kucha. Joto lilikuwa kati ya nyuzi 44 na 60 miezi miwili ya mwanzo.

Nyasi za ngolo: viriba vimelegea, ukivuta vinachanika kama jani lililolala majini. Mizizi ya magugu imepita katika sehemu kumi na nne. Maandishi hayasomeki.

Udongo mtupu: vizima vyote vitatu.

Udongo na majivu: vizima vyote vitatu. Tadei alivigeuza, akavinyoosha mwangani, akavirudisha chini. Akasema, "Basi majivu hayana kosa." Nilimwomba arudie mbele ya Hironimus, akarudia. Mchana huo mkewe alinisalimu.

Kwa hiyo viriba vyenu vinaoza. Sisemi ni vya uongo. Vinaoza penye joto, maji, na uchafu mwingi unaoliwa na vijidudu. Katika udongo wetu wa juu milimani, usio na mboji ya kutosha, wenye nyuzi 14 mwezi wa Julai na 23 mwezi huu, vinakaa. Kuna mtu kwenu alijua hivyo au hakutaka kujua. Mashine ya Hironimus inaangua vifaranga kwa nyuzi 37. Kama mlipima kwa zaidi ya hapo, mlipima shamba la nani?

Uzinduzi ni tarehe 23 Novemba, ukumbi wa Majengo, Songea. Watu wa Namtumbo wanakuja na magari mawili. Hamisi, mkulima wa tumbaku ambaye ni msemaji wao, amenitumia ujumbe: wamechoka na tumbaku, wamekubali kupanda parachichi 9,000, na wanataka kusikia kutoka kwa kikundi kilichotangulia. Mimi ndiye kikundi kilichotangulia. Nitasema.

Tamko lako nimelirudisha ndani ya bahasha hii. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, nimeuandikia joto la kila Jumamosi.

Shangazi yako,
Severina

*

Dar es Salaam,
10 Novemba 2024

Shikamoo Shangazi,

Anjelika amejifungua tarehe 6, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Nimekuandikia uzito kwa sababu najua utauliza. Wote wazima.

Sasa nakujibu.

Kipimo cha cheti kilifanyika ndani ya mashine, kwenye mboji inayochachuka, kwa nyuzi 58. Siku 90, kiriba kiliisha kwa asilimia 90. Hilo ni kweli na cheti ni cha kweli. Lakini cheti kinasema "katika mboji ya viwandani." Neno "ardhini" liliwekwa na watu wa mauzo wakati wa kuchapa viriba.

Udongo ulipimwa pia. Niliupima mimi. Nilichota ndoo mbili nyuma ya kiwanda, nikaziweka kwa nyuzi 25, ambazo ni joto kubwa kuliko lenu. Siku ya 90 kiriba kilikuwa kimepungua kwa asilimia sita. Mkuu wangu alisema kipimo hicho hakihitajiki kwenye cheti, mstari ule uachwe wazi. Niliuacha wazi. Chini yake nilisaini.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Desemba nikakupigia nikakwambia msikate. Kwa nini nilikupigia, hilo sitaandika. Nimejaribu mara nne, kila mara inatoka kama utetezi.

Ile ya Julai niliandikiwa. Nilisaini hiyo pia.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya fomu yenye mstari wazi, na ukurasa wa daftari langu wenye ile sita. Dastan atakuja na barua yangu ya Julai mfukoni. Wewe nenda na hii. Usiseme "mtaalamu mmoja" wala "mtoto wa ndugu." Sema Cornel Makarius Komba, Kitengo cha Ubora. Ukiacha jina nitajua umenihurumia, na sitaki.

Bado nipo kazini. Siku ukiisoma ukumbini kazi sitakuwa nayo tena. Anjelika ameshajua. Alichosema ni, "Ulikuwa unasubiri nini?" kisha akanigeuzia mtoto nimbebe.

Mwanao,
Cornel

*

Peramiho,
8 Desemba 2024

Mpendwa Cornel,

Salamu kwa Anjelika na kwa mtoto. Kilo tatu na mia mbili ni uzito mzuri. Ekaristia amefuma kofia mbili za sufu, nimemwambia Dar hakuna baridi, amesema kichwa ni kichwa. Mvua ya kwanza imenyesha tarehe 29.

Nakuandikia ilivyokuwa.

Watu walikuwa mia na hamsini hivi. Bwana Dastan ni kijana mtanashati, anaongea vizuri. Alionyesha picha ukutani, kisha akasema kikundi cha Peramiho kilipata changamoto kwa kutofuata maelekezo, akasoma barua yako ya Julai mpaka "ujenzi wa taifa." Nikanyoosha mkono.

Asubuhi hiyo nilifukua kiriba kutoka shamba la Tadei, sikukiosha. Nikampa Hamisi nikamwomba asome kwa sauti. Akakifuta kwa kiganja, akasoma: "Huoza ardhini kwa siku tisini." Nikamwambia jana yake kilikuwa na siku 343 ardhini, leo 344. Hamisi akasema, "Subhanallah, hiki kitatuzika sisi."

Nikasema kwanza la kwangu. Kwamba ni mimi niliyekusanya nyembe, ni mimi niliyetishia, na hakuna mtu wa kikundi aliyekosea isipokuwa kwa kunitii. Kisha nikasoma barua yako. Yote, pamoja na ile asilimia sita. Nilitaja majina yako yote matatu na kitengo, nikarudia kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia. Fomu ikapita mkono kwa mkono. Waliojua kusoma waliweka kidole kwenye ule mstari wazi.

Dastan alisema huyo mtumishi hana mamlaka ya kusema kwa niaba ya kampuni. Tadei akasimama, na nilidhani atanigeuka. Akasema, "Julai alikuwa nayo. Umetoka kuisoma barua yake hapa."

Kisha Dastan akasema labda udongo wa huku si wa kawaida. Ndipo Lidwina aliponyanyuka. "Udongo wa huku, baba, umemla mume wangu na sanduku lake la mninga. Kama umeshindwa na kimfuko chako, tatizo si udongo." Ukumbi ulicheka mpaka mlinzi akaingia. Dastan naye alicheka kidogo, kwa bahati mbaya yake.

Namtumbo wamekataa viriba hivyo mpaka neno "ardhini" lifutwe na maelekezo yaseme kata. Miche yao wataiotesha kwenye viriba vya kawaida na watavikata. Wameandika barua yao wenyewe, nakala kwa ofisi ya kilimo. Sisi hatukupata miche 1,240. Hatutaipata. Hamisi ameahidi vikonyo vya kubebeshea, vile vijiti vya kuunganisha kwenye miche, kutoka kwa ndugu yake, tumeshaanzisha kitalu kipya, na miche iliyokuwa hai bado tumeifukua, tumeivua na kuirudisha shimoni juu ya nyasi. Ni 397. Mingine itakufa, mizizi yake imeshajikaba.

Jumatatu ile, Anjelika alituambia, ulizuiwa getini. Sitakupa pole. Ulijua na ulifanya. Ofisi ya kilimo inauliza kama kuna mtu wa kuwapimia udongo wa kata zote za huku, mmoja mmoja, kabla mtu hajauziwa kitu kingine cha siku tisini. Nimewapa jina lako, wameshalisikia. Kama utakuja, njoo na kipimajoto chako. Hironimus anadai chake, ana mayai.

Hilo ulilosema huwezi kuliandika, usiliandike. Utalisema au hutalisema, nitakuwa nimeshapika.

Jana ndipo tulipoipanda upya ile 397. Kabla ya kuanza nilifungua kile kitambaa, nikaita majina kama kwenye mizani, kila mtu akachukua wembe wake. Thelathini walichukua. Lidwina alikataa. Alisema ule mwingine bado unakata.

Shangazi yako,
Severina